Biro ya kutafutia watu mwanamke wa kuwabebea mimba: nililipa dola 200, hii njo kile nilipata

Wamama, wadada, yambo sana. Tangu niseme ku statu yangu kama nimefika ku ile biro ya hapa Lubumbashi, mesaji haziishi, wengine wananiuliza bei, wengine wananiuliza kama ni dhambi, mmoja alinipigia saa tano ya usiku analia. Basi naandika yote hapa mara moja. Jina la biro siweki.

Kwanza juu ya nini nilienda. Mu 2021 nilizaa, mtoto akaishi siku moja tu, na mimi damu ikakataa kusimama, ba dokta wakanitoa kizazi ili nisikufe. Nilikuwa na miaka 28. Sijawahi kuwalaumu, waliokoa maisha yangu, lakini kurudi nyumbani mikono mitupu na tumbo tupu, ile haielezeki. Tangu pale mama mukwe anakuja kila Pasaka na maneno yaleyale, kama bwana achukue mtoto wa kike wa kwao kijijini amzalie, mtoto tutamlea sisi. Bwana yangu alikataa. Mimi njo nilianza kutafuta, usiku, mu telefone, mpaka nikasikia ile ambayo wenye Kifaransa wanaita mère porteuse, mwanamke wa kukubebea mimba.

Konsultasio ni dola 200, unalipa mbele ya kuingia. Risiti hawakutoa, walisema itakuja kwa WhatsApp, mpaka leo. Lakini niseme ukweli, ile saa ya kwanza ilikuwa nzuri sana, na siwezi kumkosesha sifa yule infirmière, muuguzi, aliyetupokea. Alikaa chini na sisi, akachora ku karatasi, akaongea Swahili ya kawaida bila kukimbia kimbia mu Kifaransa. Nilikuwa nadhani mwanamke akikubebea mimba mtoto lazima achukue damu yake na sura yake. Akatueleza kuko njia mbili. Ya kwanza yule mwanamke anatoa na yai lake, anapewa mbegu za bwana, maana yake mtoto ni wake wa damu kabisa, anakubebea halafu anakuachia. Hiyo njo ile ya mama mukwe, tofauti ni kama hakuna mtu anayelala na mtu. Ya pili, yai linatoka kwangu, mbegu kwa bwana yangu, wanaviunganisha mu laboratware, na ile mimba changa njo inawekwa mu tumbo la mwanamke mwingine. Yeye anailisha, anaibeba, anaizaa, lakini sura na damu ni ya kwetu.

Nikamuuliza, mimi mwenye sina kizazi, yai litatoka wapi? Akasema: «Mama, walikutoa kizazi, mayai hawakuyagusa, bado yako mahali yake, kila mwezi yanafanya kazi hata kama hauoni damu.» Nililia pale pale. Miaka minne hakuna mtu alikuwa ameniambia hayo maneno! Nilikuwa najihesabu kama mti uliokatwa na mizizi.

Akaendelea, na haya nayaweka juu wengi mmeniuliza inaendaje. Mwenye yai anachomwa sindano za homoni karibu siku kumi ao kumi na mbili ili mayai mengi yakomae pamoja, wanamwangalia na ekografi, halafu wanayavuta na sindano ndefu ukiwa umelazwa usingizi kidogo. Yanaunganishwa na mbegu, yanakaa mu laboratware siku tatu mpaka tano, na ile iliyokua vizuri njo wanaiingiza kwa mwanamke wa kubeba, ambaye naye amekunywa dawa za kutayarisha tumbo. Karibu wiki mbili nyuma ya kuiingiza wanapima damu kuona kama imeshika. Mara nyingi haishiki, unaanza tena, na kila kuanza ni makuta. Kinachopima bahati zaidi ni miaka ya mwenye yai, si ya mwenye kubeba, kwa hiyo mwenye mayai yake bado yako na anaifikiria hii njia asilale. Haya mambo si mapya pia, mtoto wa kwanza wa laboratware, Louise Brown, alizaliwa kule Uingereza mu 1978, leo ni mama mwenye watoto wake.

Kama ingeishia pale ningewapa tano juu ya tano.

Halafu infirmière akatoka, akaingia patron mwenyewe, mkubwa wa ile biro. Akatuletea karatasi ya bei. Dola 35.000, Johannesburg, kila kitu ndani, na ukiongeza 3.000 wanaweka mimba mbili ili upate mapacha. Dola 5.000 tulete mu wiki moja, juu eti nafasi zinaisha. Mimi niliyeona mu materinite mapacha wanavyotoka mbele ya wakati, na mama zao presha inapanda, nikashangaa mtu anauza mapacha kama mtu anayeongeza fungu la ndizi. Nikamuuliza yule mwanamke wa kubeba ni nani. Akanionyesha picha. Binti wa miaka 20. «Hajazaa bado, mama, tumbo lake liko mupya, liko na nguvu.» Nikauliza yeye anapata ngapi mu hizo 35.000, akasema: «Ile usijali, mama, sisi tunapangaka na yeye.»

Ili kututuliza moyo akatupa hadithi ya Pat Anthony, mama wa Tzaneen kule Afrika Kusini, aliyezaa mapacha watatu mu 1987 kwa ajili ya mtoto wake wa kike aliyekuwa ametolewa kizazi kama mimi. Bibi aliwazaa wajukuu wake mwenyewe. Hadithi ni ya kweli kabisa na ilinigusa, ningeikubali ile siku ileile. Bwana yangu alikuwa tayari anahesabu kiwanja chetu cha Kasapa tutakiuza kwa ngapi.

Kilichotuokoa ni yaya yake bwana, ndugu yake mkubwa, ni avoka, mtu wa sheria. Tulimpelekea zile karatasi jioni, akasoma, akanyamaza, akasema tungojee siku tatu. Aliporudi alikuwa na sheria ya Afrika Kusini mu mkono, ile ya watoto ya 2005, sura ya 19, ambayo ilianza kutumika 2010. Wadada, sikieni vizuri. Kule ni ruhusa kubebewa mimba, lakini kontra lazima ipite mbele ya jaji wa mahakama kuu KABLA ya mimba kuwekwa. Mwanamke wa kubeba lazima awe ameshazaa na awe na mtoto wake aliye hai. Kumlipa ili abebe ni marufuku, unarudisha tu matumizi yake, dokta, asiransi, na mshahara aliopoteza. Na kati ya nyinyi wawili mnaotafuta mtoto, lazima angalau mmoja awe na makao yake kule, yeye mwenyewe mbebaji pia. Sisi tunakaa Lubumbashi! Yule binti wa miaka 20 hajazaa. Na bei yote ilikuwa inapita mu mfuko wa patron. Yaani kila mstari wa ile karatasi ulikuwa unapingana na sheria ya nchi waliyotaka kutupeleka. Hata ile hadithi ya Pat Anthony, yaya akatuambia, yule mama hakununuliwa, alimbebea mtoto wake, ile njo sababu inagusa watu.

Tukarudi kwa patron na maswali. Hakukasirika. Akafunga mlango, akashusha sauti, akasema sawa, kuko njia ya hapa hapa, ya dola 9.000 tu. Binti yuleyule anabeba hapa. Mimi nakaa nyumbani miezi ya mwisho, navaa kitu tumboni, majirani wasijue. Siku ya kuzaa binti anaingia materinite na karte yangu ya elekteri, ile ya kupigia kura tunayotumia kama kitambulisho, kwa jina langu, na cheti kinatoka moja kwa moja na jina langu kama mama. Akasema wengi wanafanyaka vile.

Sijui niandike vipi kile nilisikia pale. Mimi ninajua ile meza ya kuzalia. Ninajua damu inavyotoka mpaka unasikia baridi ku miguu na watu wanakimbia wanauliza grupe, grupe yake ya damu ni gani? Sasa yule binti awe amelala pale na jina langu, na fishi yangu, wakitafuta damu watasoma grupe yangu, si yake. Akikufa atakufa akiwa mimi. Mama yake atakuja kuulizia mtoto wake ku opitali, watamwambia mtu wa jina lile hayuko. Nilisimama, nikamshika bwana mkono, tukatoka.

Na hata ukiacha huruma kando, mu karatasi pia umepotea. Code de la famille yetu, sheria ya familia ya Kongo, ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inasema umama unatokana na kuzaa. Anayezaa njo mama. Ukidanganya ku cheti umeanza maisha ya mtoto na uongo mbele ya leta, serikali, na yule binti kesho akibadilisha moyo, ao wewe ukigombana na familia ya bwana juu ya urithi, hauna kitu cha kushika. Avoka anasema hapa kwetu hakuna kontra ya kubebewa mimba inayoweza kukulinda.

Kwa wanaouliza juu ya India, juu wengi wa hapa tunaendaka kule kwa matibabu: sheria yao ya 2021 imekataza kubeba kwa malipo, na wageni walikuwa wamefungiwa mlango tangu 2015. Mtu akikuuzia India leo, muulize anaongea India gani. Wa Goma na Bukavu, Rwanda ilipitisha mu 2025 sheria ya huduma za afya ambayo imeingiza na mambo haya ya uzazi wa kusaidiwa, lakini msiende na maneno ya mtu wa kati, tafuteni avoka wa kule aisome na nyinyi, na aulize mtoto atavukaje mpaka na kwa karatasi ya nani.

Juu ya dhambi: niliongea na padri wetu. Aliniambia wazi Kanisa linakataa, Papa Fransisko mu Januari 2024 aliomba ikatazwe dunia nzima. Sikukubaliana na yote, nilimwambia kiu yangu ya mtoto Mungu anaijua. Lakini aliponiambia nimfikirie yule mwanamke maskini anayekodisha tumbo juu watoto wake hawajalipiwa shule, nilinyamaza, juu binti wa ile picha sijui hata jina lake, na nilikuwa tayari kumpa miezi tisa ya hatari.

Basi alama zangu: infirmière tano, biro moja. Kwetu sasa tunaongea na dada yangu mkubwa, ana watoto wanne, yeye mwenyewe alijitolea bila kuombwa, ila wa mwisho alizaliwa kwa kupasuliwa, na dokta anataka kwanza aangalie ile kovu. Tumemwambia akikataa hata dakika ya mwisho, tutaendelea kula meza moja.

Ukienda ku ile biro, lipa konsultasio, msikilize yule infirmière mpaka mwisho, dai risiti, na patron akiingia usisaini kitu. Zaidi ya yote usiache kopi ya karte yako. Mimi niliacha yangu siku ya kwanza, walisema ni ya dosie, na sasa najua ingetumika kufanya nini. Yaya avoka ameandika barua ya kuidai, imepokelewa Jumanne, na kopi bado iko kule.