Kuni za mti wa epo kutoka shambani (kaskazini ya Grand Rapids): moshi safi, ila ukiambiwa "zimekauka" pasua kwanza

Wakuu habari zenu, kuna watu kama wanne wameniuliza zile kuni za kuchomea nyama siku ya ubarikio wa mtoto nilizitoa wapi, basi ngoja niandike mara moja yaishe. Ni shamba moja la maepo huku Michigan, kaskazini ya Grand Rapids, ule ukanda wa vilima wanaouita The Ridge. Jina siliweki maana kuna jambo nitalilalamikia huko chini na yule mzee mwenye shamba kwa kweli ni mtu mzuri tu. Na nikisema epo ni epo la dukani, ndugu zangu wa Zanzibar msinichanganye na tufaha lenu lile, huo ni mti mwingine kabisa.

Kuni zipo nyingi kwasababu Michigan ni kati ya majimbo matatu yanayoongoza kwa maepo Marekani, na wakulima siku hizi wanang'oa ile miti mikubwa ya zamani wanapanda mifupi iliyobananishwa na kufungwa kwenye waya, ukiiona utasema mizabibu ya Dodoma. Sasa magogo ya miti iliyong'olewa yanaenda wapi, ndio hayo yanauzwa. Kipimo chao wanaita fesi kodi (sio kodi ya nyumba jamani, punguzeni presha): rundo la futi 4 kwenda juu, futi 8 urefu, na kila ukuni una urefu wa inchi 16. Tatu kama hizo ndio kodi moja kamili, futi za ujazo 128. Nililipa dola 120 kwa moja nikabeba mwenyewe na pikapu ya rafiki.

Haya, lalamiko. Niliambiwa zimekauka, "mwaka mzima ziko nje". Nikatoa kale kamashine ka kupima unyevu nikachoma kwenye ncha ya ukuni, ikasoma asilimia 17, nikafurahi kama mjinga nikapakia. Nimefika nyumbani nikapasua mmoja katikati nikapima upande wa ndani: 31! Ncha ndio zinakauka mwanzo, ndani bado maji, na ili uchome vizuri unataka chini ya 20. Kwahiyo wakuu ukienda beba shoka, omba wapasue mmoja mbele yako upime ule uso mpya, au kama huna mashine gonga kuni mbili pamoja, zilizokauka zinalia kwa sauti kali kama vikombe, mbichi zinalia dub. Nilimpigia yule mzee, hakubisha, akasema rundo langu walilikata majira ya kuchipua na kijana wake alichanganya marundo, akanirudishia dola 40. Sawa, lakini ilibidi nianike nyuma ya nyumba kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tano mwaka uliofuata, juu nimefunika turubai, pembeni wazi upepo upite.

Na kupasua huko msione mchezo. Mti wa epo umejisokota, haupasuki moja kwa moja kama msonobari, shoka linaingia nusu linang'ang'ania, unageuza unapiga tena kumbe kuna fundo, mpaka nikaenda kununua kabari mbili za chuma. Ila ukifunguka! Katikati ni rangi ya kahawia yenye wekundu, na harufu yake tamu tamu hata kabla hujawasha, mke wangu alitoka nje kuuliza napika nini.

Kingine, vipande kama kumi vilikuwa na rangi nyeupe kwenye magome. Wakulima wa huku hupaka shina rangi ili jua la baridi lisipasue gome. Hivyo nilivitoa vyote, rangi na nyama wapi na wapi. Pia kama kuni ni za nyama uliza shamba lina umri gani, sio umbea. Zamani huku walikuwa wanapulizia maepo dawa ya wadudu yenye sumu ya madini ya risasi (lead) na arseniki, ilitumika sana mpaka miaka ya 1940, ikapigwa marufuku rasmi 1988, na udongo wa mashamba mengine mpaka leo bado unayo. Huyu mzee alinijibu bila kukunja uso: pale walianza kupanda miaka ya 80, na miti niliyochukua ilikuwa na misimu miwili haijapuliziwa kitu. Hapo alinipata.

Sasa nyama. Jiko langu ni la pipa, naweka mkaa wa kawaida halafu vipande viwili vitatu vya epo ukubwa wa ngumi, basi, wala usiloweke maji. Subiri moshi mweupe mzito upite, ule unaacha uchungu, ukiona umebaki mwembamba wa kibluu bluu ndio weka nyama. Kuku kwenye nyuzi 120 za Selsiasi alichukua kama saa tatu kufika 74 ndani, rangi ilikuwa kama kapakwa asali na sijapaka kitu. Ngozi ilikuwa kama raba kidogo, nikammalizia kwenye moto mkali. Kuku 10/10. Paja la mbuzi hapana, moshi wa epo ni mpole mno, mbuzi anaumeza wote, ikabidi mara ya pili nichanganye na mwaloni ndio ikaeleweka. Samaki ndio kilele. Jirani yangu mama mmoja wa Bukavu, ambaye huwa ananicheka na pipa langu, alionja sato akasema "hii moshi haiko kali, iko muzuri", kesho yake akaja na samaki wake sita na beseni.

Za kuotea moto ndani? Zinawaka taratibu, cheche chache, makaa yanadumu kama ya mwaloni, lakini mwaloni nanunua dola 70, sasa nichome dola 120 niangalie televisheni? Hapana. Na jamaa yangu wa Chicago aliyetaka nimpelekee gunia nilimkatalia, huku hawataki kuni zisafirishwe mbali, wadudu waliogunduliwa Michigan 2002 wakamaliza miti ya huku inayoitwa ash walisambazwa sana na kuni za watu.

Mimi natoa nyota 4, moja nimekata kwa ule unyevu. Mwezi wa tatu narudi maana wanapogoa miti, matawi unajiokotea mwenyewe dola 20 pikapu nzima na kwa moshi yanatosha kabisa, unene wa kifundo cha mkono ndio mzuri. Vaa buti, kule ni matope, na beba keshi, kadi hawapokei.