Jiwe la Mahjub bin Adam, Brunnenstraße 193, Berlin

Msomaji wa Kiswahili atakayefika Berlin akiwa na nusu siku tu, ninamshauri aanzie Brunnenstraße 193, mtaa wa Mitte, hatua chache kutoka kituo cha treni za chini ya ardhi cha Rosenthaler Platz. Hakuna kiingilio wala foleni. Kuna kijiwe cha sentimita 10 kwa 10 chenye bamba la shaba nyeupe, kilichopandwa kando ya njia mwaka 2007, mbele ya nyumba alimoishi Mahjub bin Adam, kijana wa Dar es Salaam aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Wajerumani huyaita mawe haya, ambayo huwakumbuka wahanga wa Wanazi, "mawe ya kujikwaa", na aliyeyabuni ni msanii Gunter Demnig.

Kwa mahali lilipowekwa, jiwe hili ninalipa alama zote. Kulisoma sharti uiname, nawe unainama palepale alipokuwa akipita akienda kazini. Upungufu wake ni kwamba nafasi ya bamba inatosha jina na mauti tu, ilhali maisha yenyewe ndiyo yanayofafanua mauti hayo.

Mahjub alizaliwa mwaka 1904, baba yake akiwa efendi, yaani ofisa Mwafrika, Msudani katika jeshi la kikoloni la Wajerumani. Vita vilipozuka mwaka 1914 aliingizwa jeshini pamoja na baba yake, naye ana miaka 10, akafunzwa kazi ya kupeleka ishara. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano makali ya Mahiwa, upande wa Lindi, kisha akawa mateka wa Waingereza. Alikuwa na miaka 13! Baadaye alifanya kazi ya uhudumu melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai malimbikizo ya mishahara yake na ya baba yake, akajibiwa na Wizara ya Mambo ya Nje kwamba muda wa kudai umekwishapita.

Hakurudi. Alihudumu mezani katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na mwaka 1933 akamwoa Mjerumani. Mwaka 1934 aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Vita vya pili vilipoanza alijitolea tena kuwa askari, wakamkataa. Hapo ndipo ninapoumia zaidi, kwa kuwa serikali iliyomwona mkubwa wa kutosha kubeba vita akiwa mtoto haikumwona mwanajeshi alipokuwa mtu mzima. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano nje ya ndoa na mwanamke Mjerumani, jambo ambalo ubaguzi wa rangi wa Wanazi uliliona jinai, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Kwa hiyo soma habari zake kabla ya kwenda, na ukimchukua mtoto, msimulie njiani. Mwenye muda apande treni ya S1 hadi Oranienburg, kisha atembee kama dakika 20 hadi makumbusho ya kambi hiyo, ambayo nayo haitozi kiingilio. Shaba hufifia kwa mvua na vumbi la viatu, na wenyeji wana desturi ya kuing'arisha. Beba kitambaa laini, ulifute jina lake kabla ya kuondoka.