Mapitio ya santuri: The Undertones, vijana watano wa Derry

Santuri ninayoipitia hapa ni ya kwanza ya The Undertones, bendi ya mji wa Derry, Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ilitoka Mei 1979 na imekuwa ikichapishwa upya tangu hapo. Nimeisikiliza nyumbani Ngamiani, Tanga, kwenye mashine ya santuri na spika za zamani za mbao. Naona wapenzi wa magitaa wa Tanga, mji uliolea bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, wana kila sababu ya kuifahamu, ingawa ni nadra kuisikia katika redio zetu.

Historia yake inasaidia kuelewa kwa nini nyimbo hizi zina haraka namna hii. Bendi ilianza katikati ya miaka ya 1970. Ndugu wawili, John na Damian O'Neill, walishika magitaa, Michael Bradley akashika besi, Billy Doherty akakaa kwenye ngoma, na Feargal Sharkey, ambaye utotoni alikuwa akishinda mashindano ya kuimba, akapewa kipaza sauti. Walijifunza kwa kusikiliza bendi ya Ramones ya New York pamoja na zile bendi za Marekani za miaka ya 1960 zilizopiga roki ya gereji, muziki wa vijana waliokuwa na nguvu nyingi kuliko ufundi. Nje ya mlango, askari wa Uingereza walikuwa wakizunguka mitaani, kwa kuwa Ayalandi ya Kaskazini ilikuwa katika vita vya waliotaka kubaki chini ya Uingereza na waliotaka kuungana na Ayalandi. Tarehe 30 Januari 1972 askari hao waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini humo, na watu 13 wakafa siku hiyo hiyo. Katika mji wa namna hiyo hapakuwa na kumbi nyingi za kupigia muziki, na bendi hii ikakulia katika baa moja iliyoitwa Casbah.

Kampuni zilizopelekewa kanda yao ziliwakatalia. Aliyewakubali ni Terri Hooley wa Belfast, mwenye lebo ndogo ya Good Vibrations, na mwaka 1978 wakarekodi kwake nyimbo nne, ukiwamo Teenage Kicks, uliotungwa na John O'Neill. Mtangazaji John Peel wa BBC aliupenda mno hata akaupiga mara mbili mfululizo katika kipindi kimoja, jambo ambalo watangazaji hawalifanyi. Muda mfupi baadaye kampuni ya Sire ya Marekani ikawasainisha mkataba, nao wakaenda London kurekodi santuri hii chini ya mtayarishaji Roger Bechirian. Kazi ilipokwisha walirudi kuishi kwao Derry, na mimi nawaheshimu sana kwa hilo, kwa sababu wanamuziki wetu huaminishwa kwamba asiyehamia Dar es Salaam hana lake.

Sasa muziki wenyewe. Hakuna utangulizi mrefu: ngoma zikishagonga, magitaa mawili huingia kwa pamoja, na kabla msikilizaji hajakaa vizuri wimbo umekwisha. Santuri nzima haizidi sana nusu saa. Casbah Rock, wimbo wa mwisho, haufiki hata dakika moja. Sauti ya Sharkey hutetemeka kila anapovuta neno, na masikio yaliyozoea taarabu ya kikundi cha Black Star na sauti ya mwimbaji Shakila hayatapata shida kuipokea, kwa kuwa ni mwimbaji anayeuacha uzito wa wimbo ukae kooni mwake.

Wapo waliowalaumu kwa kuimba juu ya wasichana na majira ya joto wakati mji wao unaumia. Siikubali lawama hiyo. Kijana wa miaka 18 anayepekuliwa na askari njiani bado anapenda, bado ana wivu, na kuyaimba hayo ni kukataa maisha yake yote yamilikiwe na vita. Tena asikilizwe kwa makini Jimmy Jimmy: muziki wake unachangamka kiasi cha kumwinua mtu kitini, lakini maneno yanasimulia kijana aliyechukuliwa na gari la wagonjwa bila mtu yeyote kuliona. Niliirudisha sindano mwanzoni mara tu nilipoyaelewa.

Mnunuzi awe mwangalifu na matoleo. Toleo la kwanza lilikuwa na nyimbo 14 na halina Teenage Kicks. Lililotoka Oktoba 1979 liliuongeza, pamoja na Get Over You, zikawa 16. Atafute hilo la pili. Nakala yangu ilifika ikiwa na jalada lililopinda pembeni, kwa sababu muuzaji aliifunga kwa karatasi nyepesi, hivyo ni vyema kudai kasha gumu kabla ya kulipa. Kwa joto letu la kaskazi santuri isiachwe karibu na dirisha, na isimamishwe wima, kwani ikilazwa chini ya nyingine hujikunja.

Atakayeipenda aendelee na Hypnotised ya 1980, yenye utunzi uliokomaa zaidi, kisha Positive Touch ya 1981. Ile ya 1983, The Sin of Pride, ina nyimbo chache nzuri, lakini haraka ile ya mwanzo imepungua, na mwaka huo huo bendi ilivunjika. Walirudi jukwaani mwaka 1999 na mwimbaji mwingine, Paul McLoone. Fedha ikitosha santuri moja tu, iwe hii ya 1979.