Juu panagandisha, chini maziwa yanachacha: uzoefu wangu na friji ya milango miwili

Friji yangu ni ya milango miwili, friza juu na friji chini, zile ambazo hazihitaji kuyeyushwa barafu kwa mkono. Niliinunua ikiwa imeshatumika, hapa hapa Mtwara mjini, na kwa miaka mitatu haikunisumbua. Naishi Chikongola, nauza barafu za ukwaju na juisi, na samaki ninaowachukua feri asubuhi hulala humo humo. Friji ikigoma kwangu ni mtaji unaooza.

Ilianza Novemba. Maziwa niliyoyachemsha usiku yakaamka yamechacha, na juisi ya mabibo ikatoa povu kabla sijaiuza hata glasi moja. Lakini juu samaki walikuwa wagumu kama mawe. Niliweka glasi ya maji yenye kipimajoto rafu ya katikati, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi ilisoma nyuzi 13, wakati inatakiwa isizidi 4.

Nilianza na ninayoyaweza. Nilivuta friji kutoka ukutani, nikafagia vumbi lililoshikana nyuma kama sufi. Nikabana noti kwenye mpira wa mlango na kuivuta, kona zote, nikaona unashika vizuri isipokuwa kona moja ya mlango wa chini. Nikatoa vikombe vilivyoziba matundu ya hewa. Mwanangu naye, kwa nia njema, alikuwa amezungusha kitufe cha friza hadi mwisho. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwenye friji kama hii kitufe hicho hugawa hewa: ukikipandisha sana, baridi inabaki juu na chini panazidi kupata joto. Nikakirudisha katikati. Kipimajoto kikashuka hadi 11, kikagoma hapo.

Nikaita fundi. Alishika mabomba ya nyuma, akasema, "Mama, gesi imeisha." Nilikubali, kwa sababu ndilo neno nililozoea kulisikia kila friji inapoharibika. Alitoa gesi yote akajaza upya, kazi iliyochukua siku moja na nusu, friji ikiwa imezimwa na milango wazi. Nikalipa 80,000. Alipoiwasha ilipoa vizuri mno, nikamshukuru na kumpa na samaki wa kwenda nao nyumbani.

Siku ya tisa maziwa yakachacha tena. Nilipompigia akasema labda kompresa, ile mota inayosukuma gesi, imechoka, nitafute hela ya kompresa mpya.

Hapo ndipo jirani yangu wa Shangani akanielekeza kwa kijana mmoja. Alifika, akanipa shikamoo, halafu hakugusa chochote. Aliweka sikio kwenye mlango wa friza akaniita nami nisikilize. Ndani kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama panga la feni linalogusa kitu. Akaniuliza, "Mama, yule wa kwanza aliizima muda gani?" Nilipomwambia siku moja na nusu, akatikisa kichwa.

Alifungua kifuniko cha nyuma ndani ya friza. Nilichokiona sitakisahau: ukuta mzima wa barafu nyeupe, umefunika mabomba ya baridi yote, feni imebaki na nafasi ya vidole viwili. Akanieleza kuwa friji hii ina sehemu moja tu ya kutengeneza baridi, iko huko juu, na chini panategemea hewa inayosukumwa na ile feni. Barafu ikiziba njia, juu panaendelea kuganda na chini panabaki na joto. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Imefungwa ndani ya mabomba, ikipungua basi kuna tundu. Na ingekuwa imepungua, samaki wasingekuwa wagumu vile. Kilichoniponyea friji zile siku tisa ni barafu kuyeyuka wakati milango iko wazi. Roho iliniuma, si kwa fedha tu.

Nilikuwa nimeshika kisu nibandue ile barafu, akanizuia haraka: ukitoboa bomba la alumini, hapo sasa ndipo gesi inapotoka kweli. Tukaizima, tukatandika matambara, samaki wakahamia kwa jirani.

Barafu ilipoisha alipima kwa mita yake ya umeme, ile inayolia umeme ukipita, hita ambayo huyeyusha barafu hiyo yenyewe, ikawa nzima. Akachomoa kidude kidogo cha mviringo kilichobanwa kwenye bomba, thamostati, yaani swichi inayoruhusu hita kuwaka. Akaniomba barafu iliyopondwa na chumvi, akavichanganya kwenye kikombe cha bati. Barafu peke yake huishia sifuri, alisema, ikitiwa chumvi inashuka zaidi, na kidude hiki kinapitisha umeme pale tu kinapopata baridi kali. Alikifunga kwenye kimfuko changu cha barafu za ukwaju, akakizamisha, akagusisha nyaya za mita. Kimya. Akasubiri, akarudia. Kimya. Kilikuwa kimekufa, ndiyo maana hita haikuwaka na barafu ikajaa. Kipya kilitoka Dar es Salaam kwa basi, kikafika siku ya pili. Alipokizamisha vile vile, baada ya dakika chache mita ikalia. Kifaa 25,000, kazi 30,000.

Friji yenyewe bado naisifu: haina kelele na friza yake inabeba mzigo. Lawama yangu ni moja, kwamba kidude cha ukubwa wa kifuniko cha soda kikifa, friji nzima ya chini inakufa nacho, na vipuri vyake hapa kwetu si vya kukuta dukani.

Ni wiki ya 14 leo, glasi ya maji inasoma nyuzi 4. Kijana namwita tena mwezi ujao abadilishe mpira wa mlango wa chini, maana ile kona noti sasa inachomoka yenyewe.