Seti ya vifaa vya "mjenzi anayeanza" ndege: nyota moja, na hiyo ni ya kleko tu, vile vibanio vya muda vya kushikia bati

Wadau, kama unataka kuanza kujenga ndege nyumbani na umeona tangazo la seti ya vifaa vya bei poa, soma hapa kabla hujatoa hela. Duka silitaji. Ni la mtandaoni, huku Marekani, na ukitafuta habari za ndege za kujenga mara moja tu, matangazo yao yatakufuata wiki nzima. Sanduku zuri, kila kifaa kimelazwa kwenye sponji yake, na juu yake wameandika kwa herufi kubwa kwamba ni seti ya kuanzia ndege. Yashikeni maneno hayo.

Mimi najenga RV-9, ndege ndogo ya kujenga nyumbani ya Van's Aircraft, wale watengenezaji wa Oregon. Nimeanza na mkia kama karibu kila mtu anavyoanza, maana ni sehemu ndogo na ndiyo ya kujifunzia mkono. RV-9 ni alumini na ribiti ngumu, maelfu kwa maelfu. Ngozi yake, yaani bati la nje, ni nyembamba mno, huwezi kuichimbia kichwa cha ribiti kwa keekee, kwa hiyo unaibonyeza: unaweka kibonyezo dume upande mmoja wa tundu na jike upande wa pili, unapiga nyundo pigo moja la uhakika, tundu linakuwa kishimo cha nyuzi 100. Ribiti ya AN426, ile ya kichwa cha kuzama, ikilala humo, ukipitisha kidole usihisi kitu. Kazi yote ya nje ya ndege inategemea vyuma hivyo viwili vidogo vinavyoenea kwenye kiganja.

Basi vibonyezo vya seti hii ndivyo vilivyoniharibia ngozi ya elevata, ile sehemu ya mkia inayochezacheza kuinua na kushusha pua ya ndege.

Kwenye vipande vya mazoezi vilifanya kazi vizuri. Kwenye ngozi yenyewe navyo vilianza vizuri. Katikati ya mstari, ukingo wa dume ukameguka. Kipande kidogo mno, lakini kila pigo baada ya hapo likaacha duara lililokwaruzwa kuzunguka tundu, na matundu mengine yakaanza kupasuka kutoka kwenye ukingo. Alama zote zilikuwa upande wa chini, ule uliolala kwenye fremu ya kupigia, chuma kinachoshika vibonyezo vikae sawa, kwa hiyo zilionekana ngozi ilipogeuzwa. Anayejua alumini ya 2024 iliyopakwa alumini safi juu anaelewa hasara yake: ule utando mwembamba ndio kinga dhidi ya kutu, na ufa kwenye tundu la ribiti haubaki mdogo. Ngozi ile haiendi angani.

Nilitaka kuwa na uhakika kabla sijalaumu mtu. Jirani yangu, mzee aliyekwisha kuruka na RV yake, aliniazima vibonyezo vyake. Karatasi ileile ya alumini, matundu yaliyotobolewa kwa ncha ileile ya keekee namba 40 na kusafishwa makali kwa mkono uleule, fremu ileile, nyundo ileile. Vyake havikuacha hata mkwaruzo. Vya seti, hata ile jozi ya pili ambayo haikuwa imemeguka, viliacha duara. Ukivishika utaona sababu: uso wa vile vya mzee umeng'arishwa na una mwinuko kidogo sana, ili bati likijirudisha baada ya pigo libaki tambarare. Vya seti vimekatwa bapa na bado vina alama za mashine.

Nikawapigia simu. Hapo ndipo hasira ilipoanza hasa.

Kijana aliyepokea hakuuliza kifaa gani wala kimeharibikaje. Aliuliza kama mimi ni fundi wa ndege. Nikamwambia hapana, najenga yangu. Akasema, basi tatizo ni mkono. Nikamweleza jaribio la vibonyezo viwili. Akacheka, akaniambia mtu asiye na hela ya vifaa asijisumbue na ndege. Kisha akanisomea masharti: dhamana haihusu matumizi ya ndege. Jamani! Seti imeandikwa ndege juu ya mfuniko, na dhamana inakataa ndege!

Na lile swali la ufundi linaniuma mpaka leo. Sheria ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inayoruhusu ndege hizi inasema wazi kwamba sehemu kubwa ya kazi, zaidi ya nusu, ifanywe na watu wanaojenga kwa kujielimisha au kujiburudisha. Yaani mteja wa seti hiyo, kwa maana yenyewe ya sheria, ni mtu kama mimi. Unamuuzia asiye fundi, kisha unamtukana kwa kuwa si fundi?

Nitasema haki kuhusu vingine. Kleko ni nzuri. Za rangi ya fedha za inchi 3/32 na za rangi ya shaba za inchi 1/8 zote zinashika, springi hazijalegea, na koleo lake limetulia mkononi. Kifaa cha kusafishia makali ya matundu kinafaa. Tupa pia. Ndiyo maana nilitaka kuwapa nyota mbili, na kuna jioni nilikaribia kuandika kwamba seti si mbaya ukitupa vibonyezo.

Halafu nikakitazama tena kile wanachokiita bunduki ya ribiti. Ni nyundo ya upepo ya gereji ya magari. Triga yake haina pole pole: ukigusa tu inapiga kwa kasi yake yote. Bunduki ya kweli, ya saizi ya 2X au 3X, unaanza taratibu na kuongeza kadiri ribiti inavyokaa. Kumpa mtu anayeanza kitu kile aelekeze kwenye ngozi nyembamba ni kumtafutia hasara, na wao wanajua. Kwa hiyo hapana, nyota ya pili nimeifuta.

Mwenye bajeti ndogo, kleko na vishikizo nunua za mkono wa pili kwa mtu aliyemaliza ndege yake. Wapo wengi, na wanauza kwa sababu hawazihitaji tena. Kompresa ya duka la kawaida inatosha. Hela yako halisi iende kwenye vibonyezo, bunduki na kibanio cha ribiti. Kama hata hiyo haitoshi, fikiria ndege ya ribiti za kuvuta, zisizohitaji kugongwa, RV-12 au zile za Zenith za Missouri. Sehemu kubwa ya gharama hii huigusi kabisa. Na uliye Nairobi au Dar unayefikiria kuagiza sanduku hili, usiagize. Kulirudisha kutakula hela kuliko lenyewe.

Juzi wameniandikia. Hawajaomba radhi kwa maneno ya yule kijana. Wamenipa kuponi ya punguzo nikinunua kwao tena. Nimewarudishia na risiti mbili, ya seti na ya ngozi mpya ya elevata, na hizo ndizo ninazotaka zilipwe.