Jioni ya Larry Allen katika ukumbi wa mechi wa Kijenge, Arusha

Kumbi za kuonyesha mechi mjini Arusha ni nyingi, na karibu zote zinaishi kwa Simba, Yanga na ligi ya Uingereza. Ukumbi ninaouzungumzia hapa uko Kijenge, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kiplefti cha Impala, nao huishi hivyo hivyo kwa sehemu kubwa ya wiki. Kinachoutofautisha ni kwamba jioni za Jumamosi mwenye ukumbi ameamua kuzitenga kwa ajili ya futiboli ya Marekani, na hasa kwa mechi za zamani. Uamuzi huo una busara, kwa sababu mechi za moja kwa moja hazituendei vizuri sisi wa Afrika Mashariki: zile za mapema za Jumapili huanza saa mbili au saa tatu usiku, na ile ya Jumatatu hutufikia usiku wa manane kuamkia Jumanne, baada ya saa tisa, wakati mtu mwenye kazi ya asubuhi amekwisha kulala.

Jioni niliyohudhuria ilikuwa ya kumkumbuka Larry Allen, gadi wa timu ya Dallas Cowboys, yaani mmoja wa wachezaji wa mstari wa mbele wanaomfungulia njia na kumlinda mwenye mpira, aliyefariki dunia tarehe 2 Juni 2024 akiwa na umri wa miaka 52. Wahudhuriaji wengi walikuwa waongoza watalii, ambao mapenzi yao kwa mchezo huu yalianzia kwenye magari ya safari, katika mazungumzo marefu na wageni kutoka Texas na California wakati wa kuvuka Karatu kwenda Serengeti. Wanaijua Cowboys kwa undani, wanabishana kwa adabu, na hawahitaji kuelezwa kwamba Emmitt Smith ndiye aliyekuwa mkimbiaji wa mpira wa timu hiyo. Walikuwepo pia vijana wa chuo ambao hawakuwa wamewahi kuitazama mechi hata moja hadi mwisho, na nathubutu kusema kwamba huduma ya ukumbi huu inawafaa hao kuliko wote.

Nasema hivyo kwa sababu ya namna Mzee, kama wateja wote wanavyomwita mwenye ukumbi, anavyoonyesha mechi. Televisheni hufuata mpira, na wachezaji watano wa mstari wa mbele wa mashambulizi kwa kawaida hawaugusi mpira huo, na kwa kawaida kanuni haziwaruhusu kupokea pasi. Mtu anaweza kutazama mechi nzima bila kujua nani ameishinda. Mzee husimamisha picha kabla mpira haujaanza, huonyesha kwa fimbo ndefu mtu wa kutazamwa, kisha huachia picha na kuirudisha mara tatu au nne. Kijana mmoja wa mstari wa nyuma alimwuliza, "Shikamoo Mzee. Samahani, huyu namba 73 mbona sijamwona akishika mpira?" Mzee akamjibu, "Marahaba mwanangu. Kazi yake ni kuhakikisha wale wa upande wa pili hawamfikii aliyeushika. Uache mpira, mwangalie yeye peke yake."

Tukamwangalia. Picha iliporudishwa polepole, tuliona kwanza mguu, hatua fupi ya haraka ambayo ilikwisha kutua kabla mpinzani hajanyanyuka sawasawa. Kisha mikono ikaingia ndani, kifuani mwa mpinzani, viganja vikielekea juu, huku kiuno cha Allen kikiwa chini kuliko cha mwenzake. Kuanzia hapo yule mpinzani hakuwa tena na uamuzi wowote kuhusu mahali anapokwenda. Alirudishwa nyuma hatua kwa hatua hadi akaanguka chali, na Smith akapita mahali ambapo sekunde moja kabla palikuwa na ukuta wa watu. Kwa mtazamaji wa kawaida hiyo ni mbio ya Emmitt Smith, na ndivyo ilivyoandikwa katika takwimu: yadi 1,773 na tachdauni 25, yaani mara alizouvusha mpira hadi eneo la mwisho la wapinzani, katika msimu wa 1995. Mle ukumbini, baada ya marudio ya tatu, hakuna aliyekuwa akimtazama Smith tena.

Msimu huo uliishia Tempe, Arizona, tarehe 28 Januari 1996, Cowboys walipoifunga Pittsburgh Steelers 27 kwa 17 katika Super Bowl ya 30, fainali ya ligi ya Marekani. Hilo ndilo taji pekee alilolitwaa Allen, na Mzee alilipitia kwa haraka. Nadhani alifanya vizuri, maana taji ni la timu nzima na jioni ile ilikuwa ya mtu mmoja.

Pale alipotulia kwa muda mrefu ni kwenye mechi ya tarehe 19 Desemba 1994 dhidi ya New Orleans Saints, ndani ya Superdome. Allen alikuwa katika msimu wake wa kwanza, amechaguliwa wa 46 katika mchujo wa mwaka ule, ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji wapya wa vyuo, kutoka Sonoma State, chuo kidogo cha California ambacho si wengi waliotazamia kupata mchezaji wa namna hiyo. Pasi ya Troy Aikman, mrusha pasi wa Cowboys, ilinaswa na Darion Conner, mlinzi wa Saints mwepesi kuliko Allen kwa kilo nyingi, ambaye mbele yake palikuwa peupe pembeni mwa uwanja. Kutoka nyuma ya picha akatokea mtu mwenye zaidi ya kilo 140 anakimbia, tena anakimbia vizuri, mabega yametulia na magoti yanapanda juu, naye akamfikia Conner na kumwangusha kabla hajafunga. Ukumbi mzima ulisimama. Waongoza watalii walikuwa wamekwisha kuiona picha hiyo kwa miaka mingi, nao walisimama pia. Mwenye nguvu za kuinua kilo 317 akiwa amelala kwenye benchi, kama Allen alivyofanya, hatarajiwi kuwa na mwendo ule, na ndiyo maana mashabiki wake hawaichoki mbio hiyo ambayo haikuongeza hata yadi moja kwa timu yake.

Upungufu upo, na ni wajibu kuueleza. Picha za miaka ya tisini zilirekodiwa kwa skrini iliyokaribia umbo la mraba, lakini projekta ya ukumbi ilikuwa imewekwa kwa skrini pana, kwa hiyo kila mtu alivutwa kwenda pembeni. Kwa mchezaji mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa Allen ni kosa kubwa, kwa sababu linamfanya aonekane mnene tu, wakati umahiri wake wote ulikuwa katika uwiano wa mwili ule, urefu wa karibu mita 1.91 na miguu iliyobeba uzito bila kulemewa. Nilimwomba dada mhudumu arekebishe, akachukua rimoti na kumaliza kazi kwa dakika moja bila kinyongo. Ningependa jambo hilo lifanywe kabla wageni hawajaingia. Viti vya plastiki vya mbele viko karibu mno na ukuta, na anayechelewa atatazama huku shingo ikimuuma.

Kiingilio ni shilingi 3,000, bei ambayo naiona ya haki. Mtori ni mzito na wa moto, mishkaki ilikuwa mikavu, chai ya tangawizi ni nzuri na hujazwa tena bila malipo.

Jambo la mwisho ni ombi kwa Mzee. Kumbukumbu za jioni ile zilikomea Dallas, kana kwamba Allen alistaafu alipoondoka pale baada ya msimu wa 2005. Alicheza misimu miwili zaidi katika timu ya San Francisco 49ers, na mwaka 2006, Allen akiwa gadi wa kushoto mwenye miaka 34 na kufikisha 35 Novemba ile, mkimbiaji wao Frank Gore alikimbia yadi 1,695, rekodi ya klabu ile. Mtu aliyeingia kikosi bora cha miaka ya 1990 na pia kile cha miaka ya 2000, akachaguliwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara 11 na kuingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa mchezo huu ulioko Canton mwaka 2013, anastahili kuonyeshwa hata katika miaka yake ya mwisho, hasa kwa vijana wa mstari wa nyuma waliokuwa wakimwona kwa mara ya kwanza. Dada mhudumu aliniambia kwamba mechi za 49ers za mwaka huo zinaweza kupatikana, na kwamba wateja wakiziomba zitawekwa. Nimeziomba, na ninawasihi watakaokwenda Jumamosi zijazo waziombe pia.