Panya wa Hamelin na panya wa Deshnoke

Kati ya visa vya panya, kile cha mji wa Hamelin, Ujerumani, ndicho kinachojulikana zaidi: mpiga filimbi anawavuta panya hadi mto Weser, wanazama, kisha ananyimwa ujira na kuondoka na watoto 130. Mwaka unaotajwa ni 1284. Ila masimulizi ya kale zaidi yana watoto tu. Panya waliongezwa karne ya 16. Humo panya hana nia wala tabia, ni balaa la kufagiliwa. Hata panya wetu anayeuma huku akipuliza amepewa akili kidogo!

Deshnoke, jimboni Rajasthan, India, panya ni ndugu. Husimuliwa kwamba Laxman, mtoto wa kambo wa Karni Mata, mwanamke mtakatifu wa Kihindu mwenye hekalu lake hapo, alizama bwawani. Mama akamsihi Yama, mungu wa mauti, na ukoo wake ukajaliwa kuzaliwa upya kama panya. Leo hekaluni humo maelfu yao hunyweshwa maziwa, na kumwona mweupe ni baraka kubwa. Anayemuua mmoja kwa bahati mbaya hutakiwa kutoa sanamu ya panya ya madini ya thamani.

Mimi nachagua Deshnoke, maana hapo panya ana mtu wa kumlilia.